Kisa cha H01: Skani Inaweza Kusubiri, Tishu Haisubiri

Mgonjwa anapopigwa MRI ya kawaida, mashine huugawa ubongo wake katika vijisanduku vyenye upana wa takriban milimita moja kila upande, na kila kijisanduku hutokea kwenye skrini kama nukta moja ya kijivu. Mwezi Mei 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakishirikiana na Google walichapisha katika jarida la Science ramani ya kipande cha gamba la ubongo wa binadamu chenye ujazo unaokaribia nukta moja ya namna hiyo. Ndani yake walikuta seli zipatazo 57,000, vijishipa vya damu ambavyo vikiungwa pamoja vinafikia milimita 230, na sinapsi karibu milioni 150, yaani zile sehemu ambapo neva moja huikabidhi nyingine ujumbe. Kipande hicho kinaitwa H01.

Kwa yeyote anayefuatilia wazo la kuhifadhi akili ya mtu baada ya kifo, yaani kuutunza ubongo wake kwa namna ambayo siku moja kumbukumbu na tabia zake zitaweza kusomwa, sijui kisa kingine chenye mafunzo mengi kama hiki. Wengi walikipokea kama habari njema za mashine: skani imefika kwenye sinapsi, kilichobaki ni kuongeza ukubwa. Mimi nakisoma vingine. Naona kinaonyesha kwamba skani ndiyo hatua pekee katika safari nzima inayoweza kuahirishwa kwa miaka hamsini au mia bila kupoteza chochote, ilhali hali ya tishu katika dakika za mwanzo haiahirishiki kabisa. Anayepima ahadi za uhifadhi wa ubongo kwa kuuliza habari za skana anauliza jambo la mwisho kabla ya la kwanza.

Tishu ilivyopatikana

Mwenye tishu alikuwa mwanamke wa miaka 45 aliyekuwa na kifafa kisichotulizwa na dawa. Madaktari walipaswa kuifikia hipokampasi yake, iliyo ndani kabisa ya upande wa ubongo ulio usawa wa sikio, na ili kufika huko iliwabidi waondoe sehemu ya gamba iliyoifunika. Gamba hilo halikuwa chanzo cha ugonjwa. Katika upasuaji wa aina hii tishu kama hiyo mara nyingi huishia kwenye taka za chumba cha upasuaji. Safari hii ilitumbukizwa papo hapo kwenye dawa ya kukaza tishu. Jina la mwanamke huyo halijatolewa, na hakuna sababu ya kulitafuta.

Upesi huo ndio uliobeba kila kilichofuata. Seli zile zilikuwa zikipokea damu yenye oksijeni mpaka wakati wa kukatwa. Dawa za jamii ya aldehaidi hushika protini za seli na kuzifunga zenyewe kwa zenyewe, hivyo kila utando na kila kijifuko hubaki pale kilipokuwa. Na kwa kuwa kipande kilikuwa kidogo, dawa iliweza kupenya kutoka nje hadi katikati kabla uozo haujaanza kazi yake. Ubongo mzima ukitumbukizwa hivyo hivyo, dawa huchukua siku nyingi kufika katikati, na wakati huo wote kiini kinaharibika. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu hapo ndipo ahadi nyingi za uhifadhi hukwama.

Kutoka tishu hadi picha

Elektroni hazioni tofauti kubwa kati ya utando wa seli na maji yaliyouzunguka, kwa hiyo tishu hulowekwa kwanza kwenye osmiamu, metali nzito inayong'ang'ania mafuta ya utando na kuufanya uonekane mweusi. Kisha maji yote hutolewa na nafasi yake kujazwa resini inayoganda ikawa ngumu. Kutoka hapo kisu cha almasi kilikata zaidi ya vipande 5,000 vyenye unene wa nanomita thelathini na kitu. Unywele mmoja wa kichwani ukikatwa kwa unene huo hutoa vipande zaidi ya elfu mbili. Kila kipande kilidakwa na utepe unaosogea polepole, tepe zikabandikwa kwenye visahani vya silikoni, na visahani vikaingizwa kwenye hadubini ya elektroni yenye miale 61 inayofanya kazi kwa pamoja. Kupiga picha tu kulichukua siku 326. Pikseli moja ilikuwa na upana wa nanomita 4, na data yote ilifikia petabaiti 1.4, yaani gigabaiti milioni 1.4.

Kwa nini wasitumie MRI yenye nguvu zaidi, ambayo haihitaji kumkata mtu? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha picha za ubongo wa marehemu zilizopigwa kwa sumaku ya tesla 7 kwa takriban saa 100 mfululizo. Walifikia vijisanduku vya mikromita 100. Ni kazi ya kupendeza, na bado kijisanduku hicho ni kikubwa mara 25,000 kwa kila upande kuliko pikseli ya H01. Shida hapa ni ya kimaumbile. MRI husikiliza ishara ya maji yaliyomo ndani ya kijisanduku, na ukikipunguza kijisanduku unapunguza maji, mpaka ishara inamezwa na kelele za mashine yenyewe. Nafasi iliyopo kati ya neva mbili kwenye sinapsi ni kama nanomita 20. Hakuna sumaku inayoelekea huko.

Ukiifungua picha moja ya H01 na kuisogeza karibu, unachokiona kwanza ni msongamano. Hakuna nafasi tupu. Viduara visivyo sawa vimebanana kama vile hakuna aliyewapangia mahali, na kila kiduara ni mkato wa waya mmoja wa neva, mwingine mwembamba kuliko nanomita 100. Pale penye sinapsi utaona upande mmoja umejaa vifuko vya mviringo vya nanomita 40 hivi, vilivyosogea kuelekea ukutani, na upande wa pili ukuta umekolea weusi kama uliopigwa mstari mara mbili. Nafasi nyembamba inatenganisha pande hizo. Mtu aliyezoea huitambua sinapsi kwa kutupa jicho tu. Ukubwa wa eneo lile jeusi nao una maana: mwaka 2021 watafiti wa Zurich walionyesha katika gamba la ubongo wa panya kwamba eneo likiwa kubwa, sinapsi nayo ina nguvu zaidi. Kwa hiyo picha iliyoganda inabeba habari za nani kaungana na nani, na pia kwa kiasi fulani habari za nguvu ya muungano huo. Kwa mtu anayejali kumbukumbu, hilo la pili ni kubwa.

Kuzipata hizo sinapsi milioni 150 ilikuwa kazi ya programu za akili bandia. Programu huanzia ndani ya seli moja na kujaza rangi kufuata mipaka ya utando, kipande baada ya kipande, hadi seli nzima itokeze katika pande tatu. Ni hatua inayokosea kwa namna mbili: waya unakatwa mahali ambapo haukukatika, au waya mbili za seli tofauti zinaunganishwa kuwa moja. Kosa la pili ni baya zaidi, maana linazaa neva ambayo haijawahi kuwepo. Wakati data za H01 zilipotolewa kwa umma mwaka 2021, seli zilizokuwa zimehakikiwa kwa macho ya watu zilikuwa 104 tu. Hapo ndipo mtu anapaswa kutulia kidogo kabla ya kusema kwamba ramani imekamilika. Ubongo wa nzi wa matunda, wenye niuroni (yaani seli za neva) 139,255, ulikamilishwa na mradi wa FlyWire na kuchapishwa Oktoba 2024. Uhakiki wake peke yake ulikadiriwa kuwa kazi ya mtu mmoja kwa miaka 33, ingawa uligawanywa kwa watu wengi.

Ndani ya H01 kulikuwa na mambo ambayo hakuna aliyeyategemea. Kwa kawaida aksoni, yaani waya ambao neva hupelekea ujumbe, ikikutana na neva nyingine huipa sinapsi moja tu. Lakini watafiti walikuta jozi chache ambapo aksoni moja imeishika neva moja kwa zaidi ya sinapsi 50. Walikuta pia aksoni zilizojiviringa zikawa mafundo, na haikuweza kuamuliwa kama mafundo hayo ni ya kila binadamu au ni matokeo ya kifafa na dawa zake. Nayataja kwa sababu moja: kama muungano wa sinapsi 50 unabeba jambo muhimu, uhifadhi unaoharibu sinapsi chache hapa na pale huenda usilipoteze, ilhali jambo lililoshikiliwa na sinapsi moja linaweza kutoweka kabisa. Kusema kwamba asilimia fulani ya ubongo imehifadhika kunaficha tofauti hiyo.

Hesabu ya ubongo mzima

Ubongo wa mtu mzima una ujazo wa milimita za ujazo milioni 1.2 hadi 1.4, na niuroni zipatazo bilioni 86. Chukua milioni 1.3 uzidishe kwa petabaiti 1.4: unapata takriban zetabaiti 1.8, yaani petabaiti milioni 1.8. Zidisha siku 326 kwa idadi hiyo hiyo: hadubini moja ya aina ile ingehitaji zaidi ya miaka milioni moja. Ukinunua hadubini elfu moja, bado ni miaka elfu moja na ushei.

Hesabu hii mara nyingi hutolewa ili kuufunga mjadala, na sidhani kama inaufunga. Mwaka 1986 timu iliyokuwa Cambridge, akiwemo John White na Sydney Brenner, ilichapisha ramani ya neva 302 za mnyoo anayeitwa C. elegans baada ya kazi ya zaidi ya miaka kumi, sehemu kubwa ikifanywa kwa mkono kwenye picha zilizochapwa. Kutoka neva 302 hadi 139,255 ni chini ya miaka arobaini. Na njia zinabadilika. Mwaka 2015 maabara ya Ed Boyden pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, ilionyesha kwamba tishu inaweza kupandikizwa ndani ya jeli inayovimba ikinyonya maji, ili vitu vilivyobanana viachane na kuonekana kwa hadubini ya mwanga. Mwaka 2025 watafiti wa Austria na Google walichapisha njia ya aina hiyo inayovimbisha tishu takriban mara 16 kwa kila upande na kuwezesha kufuata waya za neva moja moja, tena kwa kifaa kisicho cha elektroni. Hadubini za mwanga ni rahisi kununua na kuzidisha, na zinaweza kuonyesha kwa rangi ni protini ipi iko wapi, jambo ambalo picha nyeusi na nyeupe ya elektroni haina.

Kwa hiyo naamini kasi ya skani itapanda, pengine sana. Lakini hata isipopanda katika uhai wetu, tishu iliyokazwa vizuri haina haraka. H01 yenyewe ni mfano, kwa sababu vipande vilivyobandikwa kwenye visahani vya silikoni haviharibiwi na upigaji picha, na vinaweza kurudishwa kwenye hadubini. Kuna njia nyingine ambazo huyeyusha uso wa tishu kila baada ya picha, na kilichopigwa hakirudi. Kama ningeulizwa ni njia ipi itumike kwa ubongo wa mtu aliyeomba kuhifadhiwa, ningesema iliyo polepole na isiyoharibu, au isitumike yoyote hadi iliyo bora ipatikane.

Dakika zile

Sasa linganisha mwanamke wa H01 na mtu anayefariki kitandani. Moyo ukisimama, fahamu hupotea ndani ya sekunde kumi na kitu. Dakika chache baadaye nishati ndani ya seli za neva imekwisha. Pampu zinazotoa chumvi nje ya utando zinasimama, maji yanaingia, seli zinavimba. Uvimbe huo unazibana kapilari, vile vijishipa vidogo kabisa vya damu, kutoka nje, na damu iliyotuama ndani yake inaanza kunata. Ukija saa moja baadaye na dawa ya kukaza, ukaisukuma kupitia mishipa mikubwa ya shingoni, itapita sehemu fulani na kuzikwepa nyingine kabisa. Picha za hadubini kutoka maeneo yaliyokwepwa huonyesha utando uliopasuka na waya zilizovimba, na hapo hakuna programu itakayofuata waya kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Kuna utafiti mmoja unaopunguza ukali wa picha hii, na si haki kuuacha. Mwaka 2019 timu ya Nenad Sestan wa Yale ilichukua ubongo wa nguruwe 32 saa nne baada ya kuchinjwa, ikazungusha ndani yake kimiminika maalumu kwa saa sita, na ikakuta baadhi ya kazi za seli zimerejea na mishipa inaitikia dawa. Dalili za fahamu hazikuonekana. Maana yake ni kwamba seli hazifi zote kwa mkupuo katika dakika ya tano, na kwamba kuchelewa hakuleti hasara ileile kila mahali. Lakini kati ya seli inayotumia sukari tena na waya unaoweza kufuatwa mwanzo hadi mwisho pana umbali mkubwa, na mtu anayehifadhi akili anahitaji hilo la pili.

Uthibitisho kwamba ubongo mzima, mkubwa, unaweza kukazwa hadi ngazi ya sinapsi ulitolewa Machi 2018. Taasisi ya Brain Preservation Foundation, iliyoanzishwa na mwanasayansi wa neva Ken Hayworth, iliipa tuzo yake ya mamalia mkubwa timu ya Robert McIntyre kwa ubongo wa nguruwe. Miaka miwili nyuma timu hiyo ilikuwa imeshinda tuzo ya mamalia mdogo kwa ubongo wa sungura. Waamuzi walitaka picha za hadubini ya elektroni, na sinapsi zinazofuatika. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: mnyama aliyelazwa usingizi wa dawa, gluteraldehaidi, dawa ya kukaza ya jamii ya aldehaidi, ikaingizwa kupitia mishipa ya damu moja kwa moja, ikifuatiwa kwa saa kadhaa na ethilini glikoli iliyoongezwa taratibu ili kuzuia fuwele za barafu, kisha ubongo ukapozwa hadi nyuzi 135 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo tishu huwa kama kioo, haina barafu, na mabadiliko ya kikemia ndani yake ni kama yamesimama.

Mpangilio huo ndio uliotenganisha njia hii na zile za kugandisha miili zilizotangulia. Dawa za kuzuia barafu zikiingia kwenye ubongo ambao haujakazwa, hunyonya maji kwa kasi na ubongo husinyaa hadi miunganisho haifuatiki. Ukikaza kwanza, umbo linabaki. Gharama yake nayo ni ya wazi: ubongo uliofungwa kwa gluteraldehaidi hautaamka tena kama kiungo hai. Mtu akiichagua njia hii amechagua kusomwa badala ya kuamshwa, na anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno yasiyo na mafumbo.

Lakini angalia tena masharti ya ushindi: mnyama alikuwa hai, chini ya usingizi wa dawa, wakati gluteraldehaidi inaanza kuingia. H01 ilitoka kwa mtu aliye hai. Nguruwe wa 2018 alikuwa hai. Kampuni ya Nectome, aliyoianzisha McIntyre, ilipoeleza mwaka 2018 kwamba inawafikiria wagonjwa walio karibu kufa, ndani ya sheria za majimbo ya Marekani zinazoruhusu mgonjwa kusaidiwa kumaliza uhai, umma ulishtuka. Mwezi Aprili mwaka huo MIT ilikata uhusiano wake na mradi huo, ikieleza kwamba sayansi ya neva haijafika mahali pa kujua kama njia yoyote ya uhifadhi inatunza molekuli zote zinazohusika na kumbukumbu na akili. Naona MIT walikuwa na haki, kwa kuwa Nectome ilikuwa ikipokea amana za watu kwa huduma ambayo thamani yake haijapimwa. Hata hivyo mshtuko wa umma uliziba hoja ya kitaalamu iliyokuwa chini yake, ambayo bado ipo: ubora wa daraja la H01 haupatikani kwa kusubiri kifo cha kawaida kisha kupiga simu. Ama timu iwe kando ya kitanda na ianze sekunde chache baada ya moyo kusimama, ama sheria na maadili ya tiba yabadilike, ama tukubali ubora wa chini na tuseme ni wa chini kiasi gani.

Picha ipo, usomaji bado

Data za H01 ziko wazi. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzifungua. Katika milimita ile moja kuna sinapsi milioni 150 za mwanamke aliyekuwa na lugha, sura za watu anaowajua, na ujuzi wa miaka 45, na gamba lile la pembeni ni sehemu inayohusishwa na maana za maneno na vitu. Pamoja na hayo, hakuna aliyeweza kusoma humo hata jambo moja alilolijua. Nalichukulia hili kuwa tokeo zito kuliko petabaiti zote.

Sababu mojawapo ni udogo wa kipande: aksoni nyingi zinaingia na kutoka bila kuonyesha zilikoanzia. Sababu nyingine ni vile ambavyo picha haionyeshi. Aina za vipokezi, yaani protini zinazopokea ujumbe, kwenye kila sinapsi hazionekani. Miunganisho ya umeme ya moja kwa moja kati ya seli ni vigumu kuitambua. Homoni na peptidi zinazosambaa kutoka neva moja hadi nyingine bila waya hazina mstari wa kufuata. Mnyoo C. elegans anatufundisha uzito wa hayo: ramani yake ina umri wa karibu miaka arobaini, na mwaka 2023 timu ya Andrew Leifer pale Princeton ilipochokoza neva zake moja moja kwa mwanga na kupima nani anaitikia, njia za ishara zilitofautiana sana na zile ambazo mtu angetabiri kwa kutazama waya peke yake.

Kwa upande wa pili, matokeo ya nzi yanatia moyo kuliko nilivyotegemea. Pamoja na ramani ya 2024, watafiti waliunda kielelezo rahisi mno cha kompyuta, kila neva ikijumlisha tu ishara na kufyatua zikizidi kiwango, wakakipa miunganisho ya ramani na aina ya kemikali ya kila neva. Kikatabiri kwa usahihi ni neva zipi zinashughulika nzi anapoonja sukari na anapojisafisha vipapasio, na majaribio kwa nzi hai yakathibitisha mengi. Na mwaka 2025 mradi wa MICrONS ulichapisha milimita ya ujazo ya gamba la panya yenye seli zaidi ya 200,000 na sinapsi milioni 523, ambayo neva zake makumi ya maelfu zilikuwa zimerekodiwa kwanza panya akiwa macho akitazama video. Kuwa na waya na utendaji katika tishu ile ile ndiko kutakakotufundisha kusoma kimoja kutoka kwa kingine. H01 haikuweza kuwa na rekodi hiyo, kwa sababu ilitoka kwa mgonjwa aliyekuja kutibiwa.

Kuna na hoja ya zamani zaidi, inayotoka chumba cha upasuaji wa moyo, ambayo inanifanya nisilipuuze wazo zima. Wagonjwa hupozwa hadi nyuzi ishirini hivi, moyo unasimamishwa, umeme wa ubongo unanyamaza kabisa kwenye kipimo, na baadaye wanaamka wakiwa na kumbukumbu zao. Kumbukumbu za muda mrefu hazikuwa kwenye mkondo wa umeme uliozimika. Zilikuwa kwenye umbo lililobaki. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya dodoso la wanasayansi wa neva 312, na asilimia 70.5 walikubali kwamba kumbukumbu hizo hushikiliwa hasa na mpangilio wa miunganisho na nguvu za sinapsi. Walipoulizwa uwezekano wa kuzitoa kumbukumbu kutoka kwenye ubongo uliohifadhiwa vizuri, jibu la katikati lilikuwa takriban asilimia 40. Hiyo si imani ya pembezoni, na wala si hakika ya kumuuzia mgonjwa.

Kama nakala itakayosomwa itakuwa ni yule yule mtu au mwingine anayemfanana, sina la kuongeza kwenye yale ambayo wanafalsafa wameshayasema. Linaloweza kufanyiwa kazi sasa ni idhini. Mwanamke wa H01 alitoa kipande kisichosomeka. Anayetoa ubongo wake wote leo anatoa kitu kisichosomeka kwa sasa, ambacho huenda kikasomeka kwa watu ambao hajawahi kukutana nao, pamoja na siri za watu wengine anaowajua. Fomu za idhini za hospitali hazikuandikwa kwa ajili ya hali hiyo.

Kwa mgonjwa au familia inayofikiria jambo hili, ningeshauri waulize mtoa huduma maswali yanayotokana na H01 moja kwa moja. Ilichukua dakika ngapi, kwa watu mliowahudumia, kutoka moyo kusimama hadi dawa kuanza kuingia? Mnachukua sampuli kutoka maeneo ya ndani ya ubongo, au ya juu tu yanayofikiwa kirahisi? Picha za hadubini ya elektroni za sampuli hizo ziko wapi, na nani asiye na maslahi ya fedha amezitazama? Mtoa huduma anayejibu kwa kuzungumzia skana za kesho hajajibu.

Na kwa watafiti, jaribio linalohitajika linajulikana. Mnyama afundishwe jambo mahususi, ubongo wake ukazwe kwa njia ya 2018, upigwe picha, kisha maabara nyingine isiyoambiwa chochote itaje alichofundishwa. Ndege anayeitwa zebra finch anapendekezwa mara nyingi, kwa sababu wimbo wake ni mmoja, ameujifunza, na mpangilio wake unaongozwa na kiini kidogo cha ubongo kinachojulikana kwa jina la HVC. Vifaa vya kuikata na kuipiga picha sehemu ya ukubwa huo tayari vipo, na njia ya kuikaza ipo. Wimbo uliosomwa kutoka kwenye tishu iliyokaa kimya kwenye resini bado haujapatikana.